Gia ya Kwanza ya Shitanda

Chepkorir, weka hiyo kazi chini unisome. Shemeji yako Shitanda ametuua na aibu leo.

Ile pikapu yetu si ilikuwa inalia huko nyuma? Fundi akasema ni difu, ile chuma inazungusha magurudumu ya nyuma. Shitanda akakataa isiguswe na mtu. "Mimi nimetazama video tatu." TATU!

Siku mbili amelala chini ya gari hapa nyumbani. Leo akatoka na grisi mpaka masikioni, akasema imeisha. Akaita pasta aiombee. Na majirani. Na mamake.

Yeye mwenyewe akatupanga nyuma ya gari, eti mbele ni hatari. Pasta akaweka mkono kwa bodi: "Bwana, ipeleke mbele." Tukasema amina.

Akaingiza gia ya kwanza.

Chepkorir, gari ikarudi NYUMA! Gia ya kwanza! Mama mkwe na hayo magoti yake aliruka mtaro! Pasta alishika ua kwa mikono, Biblia kwa meno. Gari ikaingia nyumba ya kuku. Tulikuwa tumemchinjia pasta ingokho mmoja, sasa wako watano.

Fundi akaja, akachungulia chini, akacheka mpaka akakaa. Difu imefungwa juu chini. Gia zote za mbele zinarudi nyuma, rivasi ndiyo inaenda mbele.

Na unajua bwana yangu alisema nini? Alijipangusa mikono, akatuangalia vile tumejaa matope na manyoya:

"Gari iko sawa. Ni nyinyi mlisimama upande mbaya."