Viwavi Ndani ya Pazia

Mtaa wa Tena,
Nairobi.
16 Juni 2024

Mpendwa dada yangu Kavinya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani, na joto la Lodwar linakutendeaje? Wanafunzi wako hawajambo? Huku sisi tu wazima, ila baridi imeanza na wapangaji wa ploti nzima wanapiga chafya.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii unaijua. Ukinong'ona jikoni Mama anasikia kitandani, na ninayotaka kukuambia yanamhusu yeye.

Unakumbuka alivyokuwa tulipomleta hapa baada ya kumzika Baba. Hali chakula, hazungumzi, analala akiutazama ukuta. Kilichomtoa kitandani ni yale magunia ya udongo aliyopanda sukuma wiki karibu na lango. Akaanza kutoka asubuhi kuyamwagilia, kisha akawa anasalimiana na watu, na jirani yetu Leyla akawa anachuma kwake mboga ya binti yake mdogo. Nikaanza kupumua.

Mvua zilipokatika, viwavi wakaingia. Majani yakawa matundu matundu. Ndung'u, keateka anayetunza ploti yetu, alikuja na pampu ya dawa mgongoni, lakini Mama akakataa katakata. Alisema mboga ile inaliwa na mtoto wa watu. Basi akaketi akiitazama tu, na jioni nikamkuta anakunja nguo zake kwenye mkoba. Alikuwa amempigia simu Mjomba Musyoka aje amchukue katikati ya Juni, arudi kwetu Kitui akae peke yake kwenye nyumba tupu. Niliogopa sana, dada. Niliona akienda katika hali ile hatutampata tena.

Leyla anauza mapazia Eastleigh. Akaniletea vipande vya pazia jeupe la neti, tukafunika magunia yote na kuyafunga kwa kamba ili vipepeo wasipate pa kutaga. Ndung'u akapita akamtania Mama kama bibi yake, "Shosh, hii harusi ni lini?" Mimi nilikuwa nimeshajiona fundi.

Kumbe mayai yalikuwa chini ya majani kitambo. Tuliwafungia viwavi ndani pamoja na chakula chao, na ndege waliokuwa wakiwadonoa tukawafungia nje! Tulipofungua baada ya siku chache walikuwa wamenona ajabu. Leyla akashika mdomo.

Mama akacheka. Kavinya, Mama alicheka mpaka akajishikiza kwenye lango. Kisha akatuketisha kwenye stuli akatuonyesha. Unageuza jani, unatafuta vijiyai vya manjano na kuvisugua kwa kidole gumba. Kiwavi unamtupa kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ukishamaliza kila jani, na yale machanga ya katikati, ndipo ufunike. Shingo zilituuma mimi na Leyla, yeye hata hakuchoka. Siku hizi kila asubuhi anazunguka gunia kwa gunia akifunua na kukagua, na wanawake wa ploti ya pili wanamwita awakagulie yao. Majani mapya yametoka safi.

Juzi Mjomba alikuja kama walivyokuwa wamepatana. Nilimpikia chai nikijikaza nisilie. Mama akamfungia sukuma kwenye gazeti, akamwambia, "Wasalimie watu Kitui. Mimi nikienda, haya majani atayageuza nani?" Mjomba akanitazama, akamaliza chai yake, akaondoka peke yake. Hapo ndipo nikalia.

Nisalimie sana shemeji Nabiswa na mwalimu mwenzako Nangila. Leyla naye anakusalimu. Mungu akutunze huko ugenini, akupe afya na usingizi mwema.

Mama pia anakusalimu, na safari hii sikumwomba. Ameniona na kalamu akauliza namwandikia nani, kisha akasema nikuulize kama huko Lodwar mboga huota.

Ni mimi dada yako, nikikupenda na kukungoja,
Nzilani