Jalada limetoboa siri ya joka

Shoga, uko wapi? Nimekaa hapa ngazini kwa mchapishaji.

Wameandika nyuma ya jalada la kitabu changu cha tatu kwamba lile joka analowinda msichana wetu ndiye mama yake mzazi!

Nyuma ya jalada! Kwa herufi nyekundu! Siri niliyoificha vitabu viwili vizima, niliyokuambia wewe peke yako ukalia mpaka sufuria ikaungua.

Nikamuuliza mhariri kwa upole, unanijua, "Kaka, nani kaandika hivi?"

Akacheka. "Mimi. Dada, vijana wa siku hizi hawana subira. Lazima uwaonjeshe."

Kuwaonjesha! Huko ni kuwamwagia chungu kizima!

Nikamwambia kuna wasichana wananiandikia tangu kitabu cha kwanza, kila mmoja na dhana yake kuhusu joka. Akasema, "Basi watafurahi kujua mapema. Majalada yameshachapwa, maji yakimwagika hayazoleki. Tupe sura ya mwisho tuingie mtamboni."

Sura ya mwisho! Ile ambayo msichana anashusha mkuki kwa sababu joka limeanza kuimba wimbo aliobembelezewa utotoni. Nani atashtuka sasa?

Mimi sijawahi kumpandishia mtu sauti. Hata leo sikupandisha. Nilifunga mkoba, nikasema, "Basi uzeni jalada peke yake," nikatoka.

Ananipigia tena na tena. Sipokei. Sura ya mwisho iko hapa mapajani kwangu, na haiendi popote mpaka yale majalada yachanwe.