Ule Waya wa Pini Mbili pale Makambako

Jumatatu. Hapa Njombe baridi imekaza, nimevaa makoti mawili na meno bado yanagongana.

Kila anayesimulia habari ya harusi ya juzi anaisimulia vibaya. Ati spika zangu zililipuka, ati mzee mzima nikakimbia kuliko kuku. Acheni uongo, niachieni mimi.

Darasani sijakanyaga, kuandika nimejifunzia kwenye simu. Lakini kwa kufunga muziki, kutoka hapa mpaka Makambako nani ananifikia?

Sasa Jumamosi nimefika harusini Makambako na mke wangu, waya wa umeme wa amplifaya nimeuacha nyumbani. Nikanunua mwingine pale stendi. Mwembamba kama tambi, nembo ya ubora hauna, maandishi hauna. Waya wangu una nyaya tatu ndani, wa tatu ndio unapeleka shoti ardhini. Huu una mbili tu, na plagi yake pini mbili. Soketi ikagoma. Nikachokonoa tundu la juu kwa kijiti cha kiberiti, ikakubali.

Najua haifai. Nimechokonoa hivyo miaka yote.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mama Neema, mwalimu wa kwaya, alivua viatu visichafuke, akasimama peku kwenye majani yaliyojaa maji. Kushika tu maiki, akaitupa.

"Babu, maiki yako inauma!"

"Imekupenda hiyo, mwanangu. Ishike vizuri uimbe!"

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akainama kuiokota kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nikaiona ile miguu ndani ya maji. Utani ukaniishia. Nikaruka meza ya amplifaya, nikachomoa waya kabla hajaigusa maiki. Plastiki ilikuwa imelainika kama bablishi.

Mama Neema ana watoto wanne. Ningewaambia nini?

Kwaya iliimba bila spika, ikasikika mpaka relini. Kumbe hata hawakunihitaji.

Leo ule waya nimeukatakata. Kuanzia sasa, waya usio na nembo na pini tatu siufungi, hata harusi iwe ya mwanangu. Waimbe kwa midomo, Mungu anasikia.

Basi, hiyo ndiyo habari yenyewe, neno kwa neno.

Ila pale kwenye meza. Sikuruka. Aliyechomoa ni mke wangu.

Mimi nilikuwa bado nacheka.