Sindano ya Daktari, Mguu wa Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Nina uvimbe. Pafu la kulia. Daktari anasema ni kama limau dogo. Limau gani! Nimeuona kwenye picha, ni kifungo cha koti. Huenda ni kovu la zamani, huenda ni saratani. Picha peke yake haitoshi, lazima atoe kipande kikapimwe. Kwa sindano! Kupitia mgongoni!

Nikamwuliza sindano namba ngapi. Akacheka.

Mke wangu naye: mshona nguo mzima, unaogopa sindano? Naogopa kwa sababu naijua.

Jumatano, 5 Machi

Kesho ndiyo siku. Leo nimemshonea mteja suruali, zipu nikaiweka nyuma. Mke wangu ameiona, amenyamaza. Yeye! Anyamaze! Basi hapo nikajua naye roho iko juu.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu tupu.

Kwanza gauni la hospitali. Mgongo wazi, mshono umeachia. Nikamwambia nesi kwamba aliyelishona anyang'anywe mkasi. Nikalazwa kifudifudi kwenye mashine. Kitanda kinaingia, kinatoka, daktari anatazama picha, ananichora alama mgongoni kwa kalamu (sisi tunatumia chaki). Ganzi. Kisha: bana pumzi, usitikisike hata kidole.

Sindano ikashuka — na mguu wangu wa kulia ukaanza kukanyaga pedeli ya cherehani! Pedeli yenyewe haipo! Sikuutuma. Umezoea tu, sindano ikishuka wenyewe unakwenda.

Daktari: nani anatikisa kitanda?

Nesi: fundi huyu, anashona.

Akaukalia mguu. Pande la mama, nashukuru. Kipande kikatoka, chembamba kama uzi. Miaka yote nawakatia watu sampuli, leo jora la kitambaa ni mimi.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia gotini, nje ya chumba cha daktari. Majibu yametoka. Mke wangu ananisema eti nimevaa soksi mbili tofauti. Asante Mungu, amerudi kusema! Nesi kapita, kauliza mguu haujambo. Tumecheka mpaka watu wakageuka.

Mlango umefunguka. Daktari anasema tuingie wote wawili. Anatabasamu — lakini huyu hutabasamu kila siku.

Mguu umeanza. Mke wangu kaweka wake juu yake autulize. Wake nao unakanyaga pedeli — mwanamke asiyejua hata kutunga uzi!