Kaka yangu alichomelea baiskeli iliyomvunja mume wangu, nami nimenyamaza

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho na unisaidie maana kichwa kimenijaa na sina wa kumwambia, mimi ni mke wa mtu, naishi Kariakoo, na mume wangu Twaha ni mchuuzi wa samaki, kila alfajiri huenda soko la Feri kununua mnadani, anafunga tenga nyuma ya baiskeli na kuwapelekea wakaangaji wa huku kwetu, na kazi hiyo ndiyo inayotuweka mjini. Mwezi uliopita akiwa anarudi na mzigo, karibu na Mnazi Mmoja, foki ya baiskeli, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, ilikatika ghafla, gurudumu likaenda zake na yeye akarushwa mbele, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti mpaka mfupa ukatokeza nje, na watu waliokimbilia pale, mshauri, wengine walianza kuokota samaki kabla ya kumwokota yeye.

Hospitali walisafisha kidonda wakamfunga, wakasema lazima apasuliwe awekewe chuma, lakini mama mkwe wangu akakataa, akasema mwanawe hapigwi misumari kama kitanda, hospitali wanajua kukata tu, na kwamba ajali hii si ya kawaida, ni mkono wa mtu, baiskeli iliyopita njia ile ile miaka yote haiwezi kukatika kama biskuti, na mwenye mkono huo anamjua, ni Uledi, mchuuzi mwenzake wa Feri waliyegombana naye mnadani. Basi tukamtoa Twaha hospitali tukamleta nyumbani, akaitwa mtaalamu wa mifupa wa kienyeji, akamfungua, akampaka dawa zake na kuubana mguu kwa vijiti na vitambaa, akaonya visifunguliwe mpaka aseme yeye. Uledi alipokuja kumjulia hali mama alimfukuza mlangoni mbele ya wapangaji wote, "Umekuja kuangalia kama ameshakufa?", yule baba wa watu akaondoka analia, na sasa huko Feri wanamwita mchawi na wateja wanamkwepa.

Mshauri, Uledi hana kosa. Ile foki ilikuwa na ufa, na kaka yangu Nurdin, fundi wa kuchomelea kule mtaa wa Gerezani, ndiye aliyeichomelea, na baada ya ajali niliiona kwa macho yangu, imekatika palepale alipopiga moto, kwa ndani hata hapakushika. Nilipomuuliza hakubisha, alisema siku ile alikuwa na haraka ya mageti ya watu akaipitisha juu juu, akanishika miguu, "Mdogo wangu, usinitaje, hawa jamaa wakijua nimekwisha," na kesho yake akaja kuichukua ile baiskeli akaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nurdin ndiye aliyenilea tulipofiwa na wazazi, na najua nikimtaja mama mkwe atataka niachwe, kwa hiyo kila wakisema uchawi mimi nainamisha kichwa, ingawa Twaha yuko hoi na homa haishuki na vidole vya mguu vimeanza kuwa vyeusi na chumba kina harufu mpaka tunachoma udi, na juzi mama alipotoka kwenda kuswali Twaha alinishika mkono akasema, "Nirudishe kwa madaktari," nikamwambia avumilie kidogo kwanza nipate ushauri.

Swali langu ni hili, nifanye nini kuhusu kaka yangu, nimtaje au ninyamaze, na nikimtaja nitaiokoaje ndoa yangu?

Nisiyepata usingizi, Kariakoo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na ningekuwa karibu yako ningekunyang'anya hiyo simu unayoandikia. Umenieleza habari za kaka, za mama mkwe, za ndoa, na katikati umepitisha haraka haraka kwamba vidole vimekuwa vyeusi na chumba kinanuka. Hilo ndilo swali lako. Mengine yote yatangoja.

Namba uliyotumia nimeipigia tangu ujumbe ulipoingia, haipatikani. Nimemwomba mhariri atoe barua hii leo, isingoje zamu yake. Majina nimeyabadili, lakini jirani unayesikia mtu anaugulia ndani na udi unafuka mchana kutwa, ukisoma hapa, kagonge mlango.

Mimi si daktari. Lakini kidonda, homa, vidole vyeusi na harufu, hivyo vikikutana mguu unakufa, na mguu ukifa unaweza kuondoka na mwenyewe. Huo udi hautibu chochote, mnazidanganya pua zenu tu.

Unangoja ruhusa ya nani? Mgonjwa ni mtu mzima mwenye akili zake. Amesubiri mama yake atoke, akakushika mkono, akakwambia anachotaka. Kati ya watu wote wa nyumba hiyo amekuchagua wewe, nawe ukamwambia avumilie uniandikie mimi! Mimi nani? Inaniuma kukusema hivi, kwa sababu naona humchukii, umeogopa tu. Ila kilichomwangusha ni kazi mbovu ya Nurdin, na kinachomweka hapo kitandani ni woga wako.

Sasa sikia. Mpigie Nurdin. Usimbembeleze. Mwambie aache mageti ya watu, aje na bajaji mpaka mlangoni ambebe shemeji yake, mikono anayo. Mkifika hospitali semeni wazi kwamba mguu ulifunguliwa nyumbani na umepakwa dawa za kienyeji. Mtagombezwa. Gombezweni, lakini atibiwe. Mama mkwe akisimama mlangoni usibishane naye habari za uchawi, hutamweza. Mwambie, "Mama, Twaha mwenyewe ameomba, na mguu unaoza," kisha funua shuka atazame vidole. Naye ni mzazi, ataona.

Twaha akishapokelewa na madaktari, hapo hapo kwenye benchi Nurdin amwambie mama mkwe wako kazi aliyoifanya. Alikulea, ndiyo, na heshima yake ibaki, lakini hakukulea ili umlipe kwa mguu wa mumeo. Akikataa kusema, sema wewe siku hiyo hiyo, maana kuna Uledi anayeitwa mchawi bure, na mtu akishapewa jina hilo lolote linaweza kumfika. Kuhusu ndoa sitakudanganya. Huenda ukaachwa.

Na huenda wakaukata huo mguu. Mama mkwe atasema, si niliwaambia. Mwache aseme. Kazi ngumu itakuwa kwa Twaha, akizinduka akajikuta hana mguu na akajua uliyokuwa unayajua siku zote hizo. Atalia, atakugombeza, atakuuliza kwa nini ulinyamaza, na itabidi umjibu ukimtazama usoni. Mwombe Mungu mumeo awe hai wa kukuuliza.