Vidonge kwenye kopo la vifungo

Kaka, nimekwisha. Mke wangu ameviona vidonge vyangu vya presha.

Nilivificha kwenye kopo la vifungo, hapa kwenye cherehani yangu. Leo si akaja kutafuta kifungo cha sare ya mtoto!

Akadhani ni vya kuongeza nguvu. Eti nguvu nazimalizia huko nje, ndiyo maana nyumbani nalala kama gogo. Kuongeza nguvu! Mimi!

Nikamwambia ukweli: hivyo ndivyo vilivyoniua kitandani. Daktari kanibadilishia, hali ni ileile, na kuviacha amenikataza kabisa.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

Nikaapa hakuna.

Akasema, "Afadhali angekuwepo. Ningejua wa kugombana naye."