Bega la Nne

Kijiji cha Silkhet,
Kumaon.
14 Mei 2004

Mpendwa mdogo wangu Diwan,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Ludhiana, na kile kikohozi cha vumbi la pamba kimekuacha. Sisi tunapumua. Mama hajambo, ng'ombe kazaa dume, mvua ya mawe imekula nusu ya ngano. Mimi ndiye situlii. Tangu nianze kuandika nimeinuka mara tatu kuchungulia njia, na hakuna ninayemtazamia.

Mwezi uliopita alikuja karani kuhesabu watu. Alisema waziwazi: tukifika mia mbili hamsini, barabara ya gari italetwa mpaka kwetu. Akipungua hata mmoja, tubaki na njia yetu ya mbuzi, kilomita tisa hadi kwenye lami. Akapata mia mbili arobaini na saba.

Mama zetu unawajua. Mtoto ambaye hajanyolewa nywele za kuzaliwa hatajwi mbele ya mgeni, asije akapatwa na kijicho. Mama alimficha binti yako Bhavana kwenye tenga la majani ya ng'ombe. Mtoto akapiga chafya.

"Nani huyo?" karani akauliza.

"Paka," Mama akajibu, uso mkavu.

"Paka wenu ana mafua?"

"Kunywa chai, mwanangu, inapoa."

Jirani yetu Debuli naye alimfunika wake blanketi. Nilimgombeza Mama mpaka sauti ikanikauka. Akaniambia, "We Khimuli umerudi kwangu mjane bila mtoto, utajuaje hofu ya kijicho?" Iliniuma, sikufichi.

Sasa habari ya mkeo. Hansi ana mimba ya miezi minane. Jumatatu miguu ilimvimba, akashikwa na kizunguzungu, tukaamua kumpeleka zahanati iliyo kule barabarani. Kiti cha kubebea wagonjwa kinataka mabega manne, nawe unakijua. Tuligonga kila nyumba. Wazee tele, wanawake tele, lakini wanaume wenye nguvu ni watatu tu, wengine wote mko mijini. Bega la nne likawa langu.

Ufupi wangu unaujua pia. Kiti kililala upande wangu njia nzima, na kwenye kijito nikateleza. Hansi alishika jiwe ndipo akanusurika kuanguka. Tukarudi nyumbani. Mkunga amemlaza, uvimbe umepungua kidogo, lakini anasema huyu asijifungulie hapa kwa vyovyote.

Mama alikuwa nyuma yetu. Pale kijitoni, yeye ambaye hahesabu hata vifaranga vyake, aliwanyooshea wabebaji kidole: "Mmoja. Wawili. Watatu." Mimi hakunifikia. Akakaa kwenye jiwe akalia. Tulipofika nyumbani akasema, "Huyo karani arudi tu. Bhavana nitamtaja mwenyewe."

Mwenyekiti wa kijiji amemfuata karani mpaka kakubali. Atarudi tarehe mbili Juni, na atamhesabu kila aliyelala kijijini usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa watoto wale wawili tunafika mia mbili arobaini na tisa. Anayepungua unamjua.

Usiniandikie habari za msimamizi wako wa kiwandani wala za ruhusa. Barabara, hata tukiipata, itachukua miaka. Hansi ana wiki nne. Nakuomba uje uhesabiwe, Diwan, kisha ubaki umbebe mkeo. Nimeogopa kuliko ninavyojua kuandika.

Msalimie binamu yetu Kundan na shangazi Govindi. Mama anakuombea Mungu akulinde barabarani mpaka kizingitini kwetu. Hansi hajui kama nimekuandikia.

Kiti kiko mlangoni tayari. Ncha ya nne ya miti yake ya kubebea nimeifunga vitambaa, isikuchubue.

Dada yako akupendaye na asiyetulia,
Khimuli